Mkonga Mzee, Mfuko Mwembamba

Gari linalobishaniwa hapa ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ndefu ya bati juu ambayo Watanzania wanaiita mkonga, kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele hadi kwenye paa. Toyota ilianza kuunda mfululizo huo mwaka 1984 na mpaka leo haijauacha. Injini ya hili letu ni 1HZ, dizeli ya silinda 6, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo wala kompyuta, ambayo ilianza kufungwa kwenye magari mwaka 1990. Linafanya kazi kati ya Mto wa Mbu na Loliondo kwa kupitia Engaruka na Ngaresero: abiria ndani, magunia juu, mbuzi wawili watatu siku ya mnada.

Wanaobishana ni wanne: mama mwenye gari, mtoto wa kaka yake ambaye ni mhasibu, dereva na fundi. Nimewaunda mimi, na majina sikuwapa. Hoja zao lakini sikuziunda. Zinasikika kwenye gereji yoyote ya chini ya mti kuanzia Arusha hadi Isiolo. Tuseme mama ana shilingi milioni 2 mkononi, na gari, ukilikagua kwa haki, linadai milioni 6. Swali ni pesa hiyo ianzie wapi. Upande wangu nautangaza mapema: niko karibu na fundi, ila si kwa kila analolisema.

MHASIBU: Shangazi, risiti zako zote nimezipanga. Spea ulizonunua tangu mwaka jana zingetosha kuwa malipo ya kwanza ya gari jingine, na baada ya kuzinunua bado limelala njiani. Mali inayokula kuliko inavyoleta huuzwa. Liuze likiwa bado linatembea.

MWENYE GARI: Niuze ninunue lipi, mwanangu? Mkonga wa miaka ya karibuni bei yake siiwezi. Nikiagiza mkuukuu kutoka nje, kuna ushuru wa uchakavu bandarini. Wenzetu Kenya ndiyo kabisa, gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingia. Na hayo magari madogo unayonionyesha kwenye simu hayapandi ule mlima wa kutoka Ngaresero.

MHASIBU: Kuna mkonga wa V8, nimeona wa mwaka 2008.

FUNDI: Bwana mdogo, ule ni gari zuri, simvunji mtu moyo. Lakini V8 ile ya lita 4.5 iliyotoka mwaka 2007 inasukuma dizeli kwa presha kubwa mno na nozeli zake zinaamrishwa na kompyuta. Dizeli ya madumu yenye maji na mchanga ikiingia humo, utabadilisha nozeli 8, na hizo hazitengenezwi chini ya mti. Hii 1HZ pampu yake ni ya chuma na springi. Ikilewa maji inakohoa, unamwaga filta, unavuta dizeli upya kwa pampu ya mkono, unaondoka. Mama hang'ang'anii gari hili kwa sababu ya umaskini peke yake. Huko anakokwenda, ndilo gari linalofaa.

Hapo fundi amesema kweli ambayo watu wa mahesabu huiruka. Gari la zamani la aina hii lina thamani ambayo haionekani kwenye bei yake ya sokoni: linakubali kutengenezwa mahali ambapo limeharibikia. Mtu anayelinganisha bei ya gari na bei ya gari anaziacha nje ya hesabu siku nne ambazo gari la kisasa linasubiri kifaa kitoke Dar es Salaam.

Ila mhasibu naye hajashindwa. Swali lake la msingi bado liko wazi: kama ni gari linalofaa, mbona linakula?

DEREVA: Linakula kwa sababu tunalinunulia vitu visivyo na mpango, mama. Mimi ndiye ninayelala nalo porini. Ukiniuliza milioni 2 ziende wapi, nitasema matairi na springi. Matairi ya nyuma yameisha. Springi zimelala, nikipakia magunia gari linakaa chini. Tuongeze jani moja kila upande.

MWENYE GARI: Na mimi nataka viti na rangi. Msinitazame hivyo. Abiria akifika stendi ya Mto wa Mbu anaangalia viti kwanza. Akiona sponji imetoka nje anapanda gari la mwenzangu, hata kama breki za mwenzangu hazishiki. Bila abiria hakuna pesa ya mwezi ujao.

FUNDI: Mama, abiria anaangalia kiti kwa sababu kingine hakioni. Wewe unakiona. Niruhusu niseme mpango wangu wote halafu mnipinge. Kwanza hewa. Barabara yetu ile kuanzia Engaruka ni vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai, laini kuliko unga. Mkonga unasaidia kuvuta hewa ya juu kidogo, lakini kama hosi inayotoka kwenye boksi la filta kwenda injini imepasuka, au klipu yake imelegea, vumbi linaingia moja kwa moja bila kuchujwa. Linakwangua silinda na ringi. Kwa muda mfupi injini iliyokuwa nzima inaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Hosi ile ni mpira tu. Injini ni injini.

DEREVA: Filta napuliza kila tukifika.

FUNDI: Unaipuliza kutoka ndani kwenda nje?

DEREVA: Napuliza tu.

FUNDI: Ukipuliza kutoka nje unalisukumia vumbi ndani ya karatasi. Na kwa presha kubwa unaitoboa. Fungua hosi baada ya filta, pitisha kidole ndani, kitazame. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja. Kipimo hicho hakina gharama.

Nitasimama hapa kidogo, maana kwa maoni yangu hili la kidole ndilo kiini cha mjadala mzima. Katika gari kuukuu kuna vitu vya bei ndogo vilivyowekwa kulinda vitu vya bei kubwa: hosi ya hewa inalinda ringi, mfuniko wa rejeta unalinda silinda hedi, sili ya ekseli inalinda jointi ya gurudumu, belti ya taimingi inalinda valvu. Mtu mwenye pesa nyingi anaweza kupuuza vidogo na kulipia vikubwa vikifa. Mwenye pesa kidogo hana nafasi hiyo, lakini ndiye anayefanya hivyo mara nyingi zaidi, kwa sababu kitu kidogo kikichoka hakisimamishi gari siku hiyo. Kinaliacha liendelee wiki sita, kisha kinadai laki nane badala ya elfu ishirini. Kinachoua magari haya ni mpangilio wa matumizi, na uchache wa pesa unakuja nyuma yake.

FUNDI: Pili, maji. Dereva, mara ya mwisho lilipochemsha ulijaza nini?

DEREVA: Maji ya mtoni. Ningejaza nini pale?

FUNDI: Pale sikulaumu. Lakini maji ya upande ule yana magadi. Yanaganda ndani ya mirija ya rejeta na kuziba. Ulipofika nyumbani ulipaswa kuyamwaga yote, usafishe, ujaze kulanti. Kulanti si rangi ya kupendezesha maji. Inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Na mfuniko wa rejeta, ule ambao springi yake imekufa, ulibadilisha?

MHASIBU: Mfuniko tu, fundi? Unatuambia tubishane kuhusu mfuniko?

FUNDI: Ndiyo, bwana mdogo. Mtoto wa shule anajua maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini hiyo ni usawa wa bahari. Ukifika mita 2,000, maji yaliyo wazi yanachemka karibu nyuzi 93. Mfuniko mzima unashika presha na kukuongezea nyuzi 20 hivi. Ukiwa umekufa, gari linapanda mlima wa Ngaresero kwa gia ya pili, injini inatoka jasho, na ile akiba ya nyuzi 20 haipo. Halafu mnasema injini imechoka. Na ile klachi ya feni, ile ndoo ya chuma iliyo katikati ya mapanga, ina mafuta ya silikoni ndani. Yakipungua, feni inazunguka kwa uvivu. Ya Toyota inafunguka, unaongeza mafuta, unafunga. Watu wengi wananunua rejeta mpya na ugonjwa ulikuwa kwenye feni.

MWENYE GARI: Mwaka jana nilinunua rejeta mpya.

Fundi alinyamaza hapo, na ni vizuri alinyamaza.

Niongeze neno kwa wenye Land Rover, maana najua wanasoma. Kwenye Defender yenye injini ya 300Tdi jambo la maji ni kali zaidi. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Ikichemka vizuri mara moja hedi inapinda, gasketi inaungua, na hapo umeshaingia kwenye kazi ya kuchonga hedi. Bodi yao ya aluminiamu haishiki kutu na wanajivunia, kwa haki, lakini chesesi iliyo chini ni chuma na inaoza kwa ndani. Mwenye Defender kuukuu ambaye ana pesa ya kazi moja tu ya mwaka aitumie kwenye mfumo wa maji, na akiwa chini ya gari agonge chesesi kwa nyundo asikilize.

FUNDI: Tatu, belti ya taimingi. Mama, belti hii ilibadilishwa lini?

MWENYE GARI: Nilivyolinunua, aliyeniuzia alisema ni mpya.

FUNDI: Aliyeuza husema hivyo. Toyota wanataka ibadilishwe kila kilomita 100,000, na wameweka taa kwenye dashibodi inayowaka ikifika. Taa yako haiwaki kwa sababu balbu imetolewa, nimeiona. Belti hii ikikatika injini ikiwa inazunguka, valvu zinagonga pistoni. Hapo hatuzungumzii milioni 2. Na tukifungua, tunabadilisha pamoja na tenshona na sili mbili zilizo pale mbele, kwa sababu oili ikidondokea belti mpya inaiozesha. Kufungua mara mbili ni kulipa ufundi mara mbili.

DEREVA: Fundi, umeongea hewa, maji na belti. Hujataja kinachoweza kuniua mimi.

Namshukuru dereva kwa hilo. Mafundi wetu wengi hupenda injini, wanaisikiliza, wanaizungumzia. Magurudumu na usukani wanaviona kazi ya msaidizi. Lakini injini ikifa, abiria wanashuka na kukasirika. Usukani ukiachia kwenye kona za ule mlima, habari ni nyingine.

FUNDI: Sema, nakusikiliza.

DEREVA: Likifika mwendo wa 60 kwenye rafu rodi, usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Nikipunguza hadi 30 linatulia.

FUNDI: Hapo kuna mawili. Beringi za kifundo cha gurudumu la mbele zimelegea, au boliti zinazoshika mkono wa usukani kwenye kifundo hicho. Ziko nne kila upande, na kwa magari haya yanayokaa kwenye rafu rodi, zinalegea zenyewe. Zikilegea zinaanza kucheza, zikicheza zinakatika, na zikikatika gurudumu linakwenda linakotaka. Kuzikaza ni kazi ya spana moja na nguvu ya mkono. Zikiwa zimeliwa tunafunga mpya. Kwa hilo nakubali kosa, ningelitaja kabla ya belti.

MHASIBU: Kwa hiyo mpangilio wako umebadilika.

FUNDI: Umebadilika. Kwanza kinachoua mtu: boliti hizo, beringi za habu, breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kwenye hewa. Yakikaa miaka bila kumwagwa yanachemka kwenye mteremko mrefu na pedali inazama. Kisha kinachoua injini. Kisha kinachosimamisha gari njiani. Kiti na rangi mwisho.

MWENYE GARI: Na abiria wangu?

FUNDI: Sponji na turubai jipya la viti, mama, fundi wa cherehani atakushonea kwa pesa isiyofika hata belti. Rangi hapana.

Kwenye springi walibishana kwa muda mrefu, na nitafupisha. Dereva alitaka kuongeza jani. Fundi alikataa, kwa hoja kwamba jani la ziada halipunguzi mzigo, linauhamishia kwenye chesesi na ekseli, na nyufa zinaanza pale hengeri inapofungwa. Dawa yake ilikuwa kupeleka springi zilizolala kwa wahunzi wazipinde upya, kubadilisha bushi, na kukaza yuboliti tena baada ya siku chache za kazi, maana mpya hunyooka na kulegea. Kwenye hili mimi naona ukweli mzito zaidi wa kusema ni kupunguza magunia mawili juu, na hakuna aliyeusema, kwa sababu magunia hayo ndiyo ada ya shule.

Mhasibu ndiye aliyerudisha mazungumzo kwenye pesa.

MHASIBU: Tumefika kwenye spea sasa. Nimeuliza bei. Beringi ile ile ina bei tatu: ya kwenye boksi la Toyota, ya kwenye boksi lenye jina la Koyo, na ya kwenye boksi lisilo na jina la maana. Ya tatu ni robo ya ile ya kwanza.

FUNDI: Koyo ni watengenezaji wenyewe wanaoiuzia Toyota beringi. Ukinunua boksi lao unalipia chuma kilekile bila jina la pili juu yake. Pampu ya maji na klachi ni hivyohivyo kwa Aisin. Lakini maboksi yanaigwa, kwa hiyo nunua kwa mtu atakayekuwepo kesho dukani kwake. Hiyo ya tatu usiiweke kwenye gurudumu. Waweza kuiweka kwenye... hapana, usiiweke popote.

DEREVA: Na spea za mtumba?

FUNDI: Chuma cha Toyota kilichotumika ni bora kuliko chuma kipya kibovu: difu, propela shafti, kifuniko cha habu, mkono wa usukani, nunua mtumba, Gerezani pale Dar es Salaam zipo. Mpira na kitu kinachochakaa, usinunue mtumba kamwe. Hosi, sili, belti, padi za breki, hivyo ni vipya siku zote.

Hilo la chuma mtumba, mpira mpya, ningependa kila mwenye gari la zamani alichukue kama lilivyo. Linaokoa pesa mahali panapofaa kuokoa. Wengi wetu tunalipindua: tunanunua kioo cha taa kipya cha boksi kinachong'aa, na hosi ya rejeta tunaifunga kwa mpira wa tyubu.

MHASIBU: Sawa. Mimi nina sharti moja, na bila hilo nitaendelea kusema liuzwe. Daftari. Kila likijazwa dizeli, dereva aandike kilomita na lita. Kila oili ikimwagwa, tarehe na kilomita. Kila spea, jina la boksi na duka. Gari hili huwa linakwenda kilomita saba au nane kwa lita. Likishuka hadi sita bila mzigo kuongezeka, kuna breki inayokwaruza au nozeli inayovuja, na tutajua kabla halijalala. Na kila safari ikirudi, kiasi kile kile kiwekwe pembeni kabla ya matumizi mengine. Matengenezo yanayosubiri gari liharibike yanalipwa kwa mkopo.

DEREVA: Kuandika nitaandika. Lakini na mimi niandikiwe kwenye hilo daftari kwamba ratiba ya kufika Loliondo kabla ya saa tisa imefutwa. Ndiyo inayonifanya nikimbize kwenye rafu rodi. Fundi ataweka boliti mpya, na mimi nitazilegeza upya kwa kukimbiza.

Dereva amegusa jambo ambalo pesa haiwezi kulifikia. Mwendo wa gari kwenye barabara mbovu ni matengenezo. Upepo wa matairi ukipunguzwa kidogo kwenye vimatuta vile, na mwendo ukishushwa, shokomzoba, bushi, beringi na boliti zote zinaishi muda mrefu zaidi. Lakini anayeamua mwendo mara nyingi si dereva. Ni mwenye gari aliyetoa ahadi ya saa, na abiria anayepiga bati akitaka kufika. Ukimlaumu dereva peke yake umeanzia mahali pabaya.

MWENYE GARI: Saa tisa naifuta. Nitaweka bango stendi.

MHASIBU: Na siku ya kuliuza itakuwa lini, shangazi? Lazima iwepo.

Alitegemea fundi ambishie. Fundi hakumbishia.

FUNDI: Siku chesesi ikipasuka mahali palipokwisha kuchomelewa. Chuma kikichomwa mara mbili pale pale kinakuwa kikavu, ufa unahama tu. Injini tunafufua, gia boksi tunafufua. Chesesi iliyochoka ikibeba watu kumi na mlima ule, mimi naweka spana chini. Hapo liuzeni, na mnunuzi mwambieni ukweli.

Nasimama na fundi kwenye hilo, na nasimama na mhasibu kwamba sharti hilo liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari sasa hivi, wakati gari bado linatembea na hakuna aliyelipenda kupita kiasi. Kuna familia nyingi zinazofilisika kwa sababu siku ya kuacha haikuwahi kutajwa, na kila uchomeleaji ulionekana kuwa wa mwisho.

Wakaipanga hiyo milioni 2. Boliti za usukani, beringi za habu na mafuta ya breki wiki hii, kabla ya safari nyingine yoyote. Hosi ya hewa, mfuniko wa rejeta, kusafisha mirija na kulanti, siku hiyohiyo kwa kuwa gari litakuwa limeshasimama. Belti na tenshona yake wiki ya pili, siku isiyo ya mnada. Turubai la viti na sponji kwa salio. Matairi ya nyuma dereva aliyapigania mpaka dakika ya mwisho, na alikuwa na haki, kwa hiyo yakawa ya kwanza kwenye orodha ya pesa itakayowekwa pembeni, na mpaka yatakaponunuliwa gari halitapanda mlima siku ya mvua.

MWENYE GARI: Siku ya mvua abiria watanitukana.

DEREVA: Watanitukana mimi, mama. Wewe hutakuwepo.